Uhuru Afrika ya Randy Weston au Mwandishi ya Herbie Hancock, uanze na ipi?

Mtu akiuliza aanzie wapi kusikiliza jazz jibu huwa ni lile lile, chukua Kind of Blue ya Miles Davis ya 1959, alafu nenda A Love Supreme ya John Coltrane, basi. Hizo albamu sina neno nazo, ni kazi kubwa na nazipenda sana. Ila kwa mtu anayeongea Kiswahili kutwa nzima naona kuna njia nyingine ya kuingilia ambayo hatuambiwi, manake kuna wanamuziki wa jazz wa Marekani, tena sio wa mchangani, vigogo kabisa, waliingia studio wakatoka na albamu zenye Kiswahili juu ya kava, wengine Kiswahili chenyewe kinasikika mle ndani, na moja ya hizo ilirekodiwa zaidi ya mwaka mzima kabla Tanganyika haijapandisha bendera yake.

Mbili ndo nataka kuzilinganisha, Uhuru Afrika ya Randy Weston na Mwandishi ya Herbie Hancock. Watu wakizikuta pamoja wanadhani ni mambo yale yale kwa sababu ya majina, wanaweka moja, haiwaingii, wanaachana na zote mbili. Na hazifanani hata kidogo. Pembeni nitagusa kazi ya Max Roach na za Gary Bartz ambazo zinaendana nazo, kwa sababu huenda wewe ukawa mtu wa huko zaidi.

Kitu kimoja kabla sijaenda mbali. Kama masikio yako yamelelewa na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe au Western Jazz, ule ni muziki wa dansi, gitaa zinaongoza na mwimbaji ana kisa anakusimulia toka mwanzo mpaka mwisho. Huku kwa Weston na Hancock maneno ni machache au hayapo kabisa, kisa kinasimuliwa na mdomo wa bata (saksofoni), tarumbeta na piano, na mpigaji akipewa nafasi yake anaweza kwenda dakika kadhaa anazunguka tungo ile ile akiibadilisha badilisha. Lakini mtu aliyezoea kusubiri sebene lifike, au kukaa na solo ya gitaa mpaka iishe, huyo uvumilivu anao tayari.

Haya, Randy Weston. Kazaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1926, mpiga piano, mrefu wa futi sita na nusu na kitu, na baba yake alikuwa mfuasi wa Marcus Garvey, yule mwanaharakati aliyewahimiza watu weusi waikumbuke Afrika, na alimkalisha mwanae toka mdogo akamwambia wewe ni Mwafrika uliyezaliwa Marekani, ujue hivyo. Sasa 1960 ikafika, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru kwa mpigo, na Weston akaona hili haliwezi kupita kimya kimya, lazima litungiwe kitu kikubwa. Akamwendea Langston Hughes, mshairi mkubwa wa Harlem, amwandikie maneno. Kazi ya kupanga muziki, yaani nani anapuliza nini na wapi, akapewa Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni aliyekuwa kapita kwenye bendi ya Dizzy Gillespie na kuzunguka na Billie Holiday, na zama hizo mwanamke kukaa safu ya wapulizaji ilikuwa nadra sana, kwa hiyo ukisikia jinsi tromboni na tarumbeta zinavyopishana humu bila kugongana ujue ni kichwa cha Melba hicho.

Kiswahili kiliingiaje? Weston alitaka albamu ifunguliwe kwa lugha ya Kiafrika, akaenda kuulizia kwa Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa pale pale New York ni lugha ipi inafaa kubeba bara zima, wakamwelekeza Kiswahili, na ndo akapatikana Tuntemeke Sanga kutoka Tanganyika. Sauti yake ndo inakupokea. Anatamka Kiswahili, ngoma zinamjibu, alafu bendi kubwa inaingia. Mimi sehemu hiyo inanigusa kila nikiiweka, kwamba Novemba 1960, studio ya New York, mtu wa kwetu kasimama mbele ya maikrofoni anasema uhuru na Freddie Hubbard, Clark Terry, Yusef Lateef, Kenny Burrell na Ron Carter wapo mle ndani wanasubiri zamu yao. Hayo majina kama huyajui kwa sasa sawa tu, utakuja kuyakuta kwenye kila albamu ya jazz utakayoishika baadaye.

Albamu ina sehemu nne, Uhuru Kwanza, African Lady, Bantu na Kucheza Blues, zote kwa pamoja kama nusu saa hivi. Uhuru Kwanza ndo yenye Sanga. African Lady ni ya kuwasifu wanawake weusi, inaimbwa na Martha Flowers na Brock Peters, na hapa niseme ukweli wangu, hii sehemu ndo itakayokushinda kama ni mgeni, manake Martha Flowers anaimba kwa sauti ya opera na sikio lisilozoea opera linajikunja. Usiiruke lakini, ipe muda, melodi yake ni nzuri mno na utajikuta unaiimba mwenyewe jikoni siku zinazofuata.

Bantu ndo utamu wa ngoma. Weston aliwaweka Candido Camero na Armando Peraza kutoka Cuba, Babatunde Olatunji kutoka Nigeria, na Max Roach, Mmarekani, wote kwenye midundo, na bado kuna wapiga dramu wengine. Sikiliza tumba na bongo zinavyoachiana nafasi. Mtu wa bendi za dansi anaelewa haraka hapa manake tumba tunazijua, tunajua mpiga tumba akizidisha anaharibu na akipunguza wimbo unapoa, na hawa mabwana hawazidishi, wako wengi lakini kila mmoja unamsikia.

Alafu Kucheza Blues. Kama una nafasi ya kusikiliza kitu kimoja tu kwenye hii makala yote, sikiliza hiki. Ni blues ya kushangilia, inatembea, wapulizaji wanapokezana solo mmoja baada ya mwingine, na inakuwa kama pale harusini mambo rasmi yakishaisha na MC akawaachia watu ukumbi. Huhitaji kujua chochote kuhusu jazz, mguu utaanza wenyewe. Mimi huwa nawashauri watu waanze albamu kwa huu wimbo wa mwisho, alafu Bantu, alafu ndo warudi mwanzo kwa Sanga na Uhuru Kwanza, najua wapenzi wa jazz watasema kazi kama hii inasikilizwa kwa mpangilio wake lakini wao walishazoea, mgeni mpe kwanza kinachomfurahisha.

Kasoro ipo. Watu zaidi ya 20 kwenye studio moja mwaka 1960, kuna sehemu wapulizaji wote wakiingia ngoma zinamezwa, na piano ya Weston mwenyewe inasikika kidogo kuliko ningependa, ni mtunzi mkarimu aliyewapa wenzake uwanja. Kama unataka kumjua Weston mpiga piano hii sio yenyewe. Ila kama kazi ya kisiasa ilifika ilipotakiwa kufika, serikali ya makaburu Afrika Kusini iliipiga marufuku. Na kumbuka wakati anairekodi Weston alikuwa hajawahi kukanyaga Afrika, mara ya kwanza kufika ni 1961, Lagos, baadaye akaja kuishi Morocco miaka kadhaa na kufungua klabu Tangier. Kafariki 2018 huko huko Brooklyn alikozaliwa.

Sasa kuna watu watasikiliza hii na kusema mbona furaha tupu, 1960 hiyo hiyo watu weusi Marekani walikuwa wanapigwa kwa kukaa tu kwenye kaunta ya mgahawa wa wazungu. Ni kweli, na mtu wa hivyo nampeleka kwa Max Roach. Albamu yake We Insist! ilirekodiwa Agosti na Septemba 1960, miezi michache tu kabla ya Uhuru Afrika, mji ule ule, na Olatunji na Roach wako kwenye zote mbili. Kava lake lenyewe ni picha ya vijana weusi wamekaa kwenye kaunta wanakuangalia wewe. Mwimbaji ni Abbey Lincoln, maneno ya Oscar Brown Jr., na sehemu ya mwisho inaitwa Tears for Johannesburg, hiyo ni baada ya mauaji ya Sharpeville ya tarehe 21 Machi 1960 ambapo polisi waliua watu 69. Hii nayo ikapigwa marufuku Afrika Kusini.

Tofauti yao ni kwamba Weston anasherehekea kilichopatikana, Roach anadai ambacho hakijapatikana. Katikati ya We Insist! kuna kipande cha watu wawili tu, Abbey Lincoln na dramu za Roach, hakuna neno hata moja, anaanza kama anasali, alafu anapiga mayowe, mayowe kweli kweli, alafu anashuka taratibu mpaka utulivu. Ni dakika nane ngumu. Nakuomba usiiweke mbele ya watoto au ukiwa na wageni, na usiifanye albamu yako ya kwanza ya jazz, sio kwa ubaya, naiheshimu kuliko albamu nyingi sana, lakini mtu akiingilia hapo anaweza kuondoka na wazo kwamba jazz yote ni maumivu. Kama umezoea muziki wa harakati na unataka kitu kisichopamba, sawa, nenda moja kwa moja.

Tuje kwa Mwandishi, miaka kumi mbele.

Hapa hadithi inaanzia kwa kijana mmoja anaitwa James Mtume, mpiga tumba, mtoto wa mpiga saksofoni Jimmy Heath. Alikuwa California kwenye kundi la Maulana Karenga, yule aliyeanzisha Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi, mwaka 1966, na kundi lile lilikuwa limekishika Kiswahili kama lugha ya kujirudishia Uafrika wao. Desemba 1969 baba yake mdogo, Albert Heath, mpiga dramu, akarekodi albamu inaitwa Kawaida, Mtume akiwemo, Don Cherry akiwemo, Buster Williams kwenye besi, na kwenye piano Herbie Hancock. Ni baada ya hapo Hancock na bendi yake wakaanza kutumia majina ya Kiswahili waziwazi, Hancock akawa Mwandishi, Buster Williams akawa Mchezaji, Billy Hart wa dramu akawa Jabali, Bennie Maupin wa saksofoni na klarineti ya besi akawa Mwile, Julian Priester wa tromboni akawa Pepo Mtoto, na Eddie Henderson wa tarumbeta akawa Mganga, na huyu Henderson alikuwa daktari kweli, kasomea tiba na anatibu watu mchana, usiku anapuliza.

Albamu yenyewe walirekodi San Francisco tarehe 31 Desemba 1970, wengine wakiwa kwenye mkesha wa mwaka mpya, ikatoka 1971. Nyimbo tatu tu. Na nikuambie mapema ili usije ukalalamika, Kiswahili hutakisikia, hakuna anayeimba wala kusoma shairi, kimebaki kwenye kava na kwenye majina ya watu. Hapo ndo wengi wanakwama. Wanakuja wakitegemea Afrika ya ngoma na vifijo kama kwa Weston, wanakutana na piano ya umeme, mwangwi, na ukimya mrefu.

Ya kwanza, Ostinato, imetungwa kwa ajili ya Angela Davis, mwanaharakati mweusi wa Marekani, ambaye wakati huo alikuwa yuko jela anasubiri kesi, aliyokuja kuishinda 1972. Hii nataka uisikilize kwa namna fulani. Vaa hedifoni, achana na wapulizaji kwa muda, tafuta sauti nzito ya chini, besi ya Mchezaji na klarineti ya besi ya Mwile wanapiga kitu kimoja kinachojirudia rudia. Sasa hesabu. Utahesabu mpaka nane, sawa, alafu kabla hujafika nane ya pili kitu kimesharudi mwanzo, umefika saba tu. Nane, saba, nane, saba, jumla 15. Hiyo moja inayokosekana ndo inayousukuma wimbo wote, unajisikia kila mara kama mtu kakuvuta mkono kabla hujakaa sawa, na ukishaizoea mwili unaanza kuikubali na kinachobaki ni kucheza. Dakika 13 hivyo hivyo na haichoshi. Dramu ziko seti mbili, Jabali upande mmoja na kijana wa miaka 18 upande wa pili, Leon Chancler, anayejulikana kwa jina la Ndugu, na kama jina halikuambii kitu basi dramu za Billie Jean ya Michael Jackson unazijua toka utotoni, ni huyo huyo Ndugu.

Wimbo wa pili, You'll Know When You Get There, unapoa kabisa, filimbi na tarumbeta zinaongea polepole na piano ya umeme inatiririka chini yake, huu ni wa usiku wakati nyumba imelala. Wa tatu, Wandering Spirit Song, wa Pepo Mtoto, zaidi ya dakika 20, unaanza na melodi ya huzuni nzuri sana, katikati unavunjika kila mtu anakwenda anakotaka, kelele hasa, alafu wanakusanyika tena. Ile sehemu ya katikati siwezi kukudanganya kwamba utaipenda mara ya kwanza. Nenda kafanye kazi nyingine huku inapiga, usikae unaisubiri.

Kwa hiyo ukiniuliza kama muziki tu, ipi ni nzuri zaidi, nitasema Mwandishi, na sitasita. Kila nikiirudia nakuta kitu ambacho sikukisikia, wakati Uhuru Afrika ukishaijua umeijua, furaha yake ni ile ile kila siku. Lakini swali la hapa ni uanze na ipi, na hilo ni swali tofauti kabisa. Uhuru Afrika inakuja yenyewe kukupokea mlangoni, ina sauti ya mtu anayeongea lugha yako, ina ngoma unazozijua, ina mwanzo na mwisho unaoeleweka, na nyimbo zake hazikudai uache shughuli zako. Mwandishi inadai muda na inadai chombo kizuri. Na hili la chombo nasisitiza kwa sababu ndo linaharibia watu wengi, spika ya simu haiwezi kutoa klarineti ya besi, ule mdundo wa nane na saba utaupoteza wote, utabaki na tarumbeta inayolia peke yake hewani na utasema hawa watu wanafanya nini. Hata hedifoni za bei rahisi zinatosha, bora zizibe masikio vizuri. Uhuru Afrika hata kwenye redio ya zamani yenye spika moja inaeleweka, ilitengenezwa enzi hizo.

Kuna na suala la unasikiliza na nani. Nyumbani sebuleni wazee wapo, watoto wapo, weka Weston, mzee atauliza huyu anayeongea Kiswahili ni nani na hapo mna mazungumzo ya jioni nzima kuhusu 1960 na 1961, hasa kama ana umri wa kukumbuka. Mwandishi ni ya mtu mmoja, au wawili wanaoelewana. Safarini kwa basi usiku, Mwandishi. Asubuhi unapiga pasi nguo, Kucheza Blues.

Na wale ambao mnasema mimi bila mwimbaji siwezi, sio kosa, kuna Gary Bartz. Mpiga saksofoni huyu mwaka 1971 alitoa albamu mbili pacha zinaitwa Harlem Bush Music, moja Taifa, nyingine Uhuru, na ndani kuna Andy Bey, sauti nzito nzuri inayojua kubembeleza na kuhubiri kwa wakati mmoja. Anza na Celestial Blues, alafu Uhuru Sasa, alafu Vietcong ambayo ni ya kupinga vita vya Vietnam. Nyimbo zina viitikio vya kushika, zinakaribia soul, na kijana aliyekulia hip hop ataingia hapa haraka kuliko kwa Weston na kwa Hancock wote wawili. Ninachokikosa kwa Bartz ni ule upana, Melba Liston na watu wake 20 wanakupa dunia nzima kwa nusu saa, na hawa ni bendi ndogo inayosema jambo moja kwa nguvu, ila wanalisema vizuri. Bartz baadaye, 1973, alikwenda kutumia shairi la Langston Hughes kwenye onyesho la Montreux, Uswisi, kwa hiyo yule mshairi wa Uhuru Afrika tunakutana naye tena huku.

Ukiipenda Mwandishi usiishie hapo, ile bendi ilitoa Crossings 1972 na Sextant 1973, zote zinakwenda mbali zaidi kwenye mitambo ya umeme, Crossings ndo ningekushauri ufuate manake dramu na tumba zimerudi mbele. Bendi ilikuwa ghali kuizungusha na albamu hazikuuza, Hancock akaivunja 1973, akaunda bendi ya Headhunters, na kwenye albamu ya Head Hunters ndo kuna Chameleon ambayo mtu yeyote anayependa funk ataikubali dakika ya kwanza. Kuna wanaoshauri mgeni aanze na Head Hunters kwa sababu ni rahisi. Ni rahisi kweli, ila ukianzia huko kurudi nyuma kwa Mwandishi inakuwa ngumu, utaona kama wamepunguza mdundo, kumbe ni kinyume chake, kule mdundo uko ndani zaidi. Mimi ningesema Mwandishi kwanza hata kama ni Ostinato peke yake, alafu Head Hunters.

Ukiipenda Uhuru Afrika njia inakwenda kwingine. Kuna Lee Morgan, mpiga tarumbeta, ana wimbo unaitwa Mr. Kenyatta kwenye albamu ya Search for the New Land, karekodi Februari 1964, Kenya ina miezi miwili tu ya uhuru wake, na Hancock huyo huyo yuko kwenye piano, ya kawaida isiyo ya umeme, kijana wa miaka 23. Melodi ya kutembea kifua mbele. Kwa mtu wa Kenya ningesema hata uanze na hii kabla ya zote nilizotaja, ni watu sita tu, inasikika safi, na kila mtu anapiga solo fupi inayoeleweka.

Ya mwisho naitaja kwa tahadhari. Miles Davis kwenye Get Up with It ya 1974 ana wimbo wa dakika 32 unaitwa Calypso Frelimo, Frelimo hao hao wa Msumbiji, chama kilichoanzishwa Dar es Salaam 1962 na kilichokuwa kinapigania uhuru wa nchi yao kikiwa na makao pale. Kwenye tumba ni James Mtume, yule yule aliyesambaza majina ya Kiswahili. Ni mzito, gitaa zinakwaruza, Miles anapiga ogani, na dakika kumi za katikati unapoa mpaka unadhani umeisha. Ukishaweza kumaliza Wandering Spirit Song bila kuangalia imebaki muda gani, huu uko tayari nao, kabla ya hapo utauchukia bure.